Siku Arobaini Bila Video

Bukoba, 12 Januari 1992

Mdogo wangu Munyaneza,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi Kaliza, kwa Mama, na kwa binti yako Umutoni, ambaye nasikia sasa ana miaka mitano na meno mawili pungufu. Sisi hatujambo. Magoti yangu ndiyo yana jambo, lakini hayo tumeshayazoea. Shemeji yako anawasalimu, yaani angewasalimu kama angekuwa macho. Migomba imepata mvua, na mwalimu mkuu amenipa tena darasa la awali: watoto sitini na mmoja na mpira mmoja.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha kitako kuandika. Eustache alipopita na lori lake wiki iliyopita aliniambia kwamba nyumbani kwako Rwezamenyo kuna televisheni na deki ya video, kwamba vinawashwa kila jioni, na kwamba Umutoni hukaa mbele yake kama abiria anayengoja basi. Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Akaapa.

Munyaneza, mimi nimehudhuria semina Mwanza, siku tano nzima, kuhusu ubunifu wa mtoto mdogo. Mkufunzi alitueleza waziwazi: mtoto anayeonyeshwa kila kitu hachoki kutazama, anachoka kuwaza. Picha ikimjia imeshapikwa, yeye apike nini tena? Sisi huku Bara hatuna kituo cha televisheni, na ndiyo maana tunayajua madhara yake kuliko nyinyi. Mimi mwenyewe nimeiona moja kwa macho yangu, dukani Mwanza. Ilikuwa imezimwa, na hata hivyo kichwa kiliniuma.

Na Mama je, ameishiwa hadithi? Sisi tulikua bila hata redio, na leo mimi ni mwalimu na wewe ni fundi. Niandikie upesi kwamba umeiondoa.

Dada yako akupendaye,
Winifred

*

Kigali, Rwezamenyo, 9 Machi 1992

Dada Wini,

Barua yako imefika baada ya wiki saba, imebandikwa gundi mara mbili. Posta yetu ina huruma sana siku hizi, haitaki barua ziingiwe na baridi. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unapika ndizi bila chumvi. Kaliza hajambo. Majirani wamefunga Ramadhani, na kila magharibi wanatuletea sambusa. Umutoni ameamua kuwa Mwislamu hadi sambusa zitakapokwisha.

Kuhusu televisheni: si yangu. Mzungu mmoja mtaalamu wa kilimo aliileta karakana pamoja na deki mwaka juzi, mwezi wa kumi, akasema atazichukua wiki ijayo. Wiki hiyo ndiyo vita vilipoanza kule mpakani, akapanda ndege. Mimi ni fundi, Dada. Kifaa cha mteja hakitakiwi kukaa bila umeme, kinashika unyevu. Naviwasha kwa sababu ya uaminifu.

Kuna kaseti tatu. Moja ni ya watu wanaoteleza juu ya theluji. Hiyo Mama hataki, anasema watavunjika. Ya pili ni katuni ya Kifaransa, panya na mwavuli wake, nayo inakatika panya akiwa katikati ya mto. Ya tatu ni harusi ya watu wa Bujumbura ambao hakuna anayewajua. Hiyo ndiyo tunayoipenda. Sisi tumeshakuwa ndugu zao. Mama ana ugomvi na shangazi wa bibi arusi, aliyevaa kijani, kwa sababu alijipakulia nyama kabla ya wazee. Kila jioni anamkanya, na kila jioni yule mama anajipakulia.

Na kwa habari ya kuchoka kuwaza, nikueleze jambo. Panya anapokatika mtoni, Umutoni husimama mbele ya kioo cheusi na kutumalizia. Siku moja panya alimezwa na samaki akafungua mwavuli ndani ya tumbo. Siku nyingine aliolewa Bujumbura, na shangazi wa kijani akala nyama yote. Juzi aliniuliza: "Papa, ile bibi arusi, picha ikizimwa, iko naenda kulala wapi?" Mwulize mkufunzi wako wa Mwanza.

Hadithi za Mama hazijaisha. Ila unajua mwiko wake: asimulie mchana ageuke mjusi? Anasubiri jua lizame. Na jua likizama kuna harusi.

Mdogo wako,
Munyaneza

*

Bukoba, 17 Mei 1992

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Mbuzi wetu amezaa mapacha. Shemeji yako ameanguka kutoka kwenye ngazi, lakini aliangukia kahawa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara moja kama dada na mara moja kama mwalimu. Dada alicheka. Mwalimu amesikitika. Huyo panya si wa Umutoni, ni wa Wafaransa. Yeye anamalizia tu sahani ya mtu. Mtoto mwenye afya huanza mwenyewe, kutoka kwenye kokoto na mavumbi. Na kama Mama yetu mzazi anapigana na kivuli cha mwanamke wa Bujumbura, basi ugonjwa umeshapanda hadi kwa wazee.

Mlete kwangu. Nafasi ya sitini na mbili ipo. Nitamlea kwa kokoto.

Winifred

*

Kigali, 30 Agosti 1992

Dada Wini,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na hili na lile. Kaliza aliumwa jino, likang'olewa lililo jirani yake; la kuuma bado lipo. Mama hajambo. Kazi ipo, kwa sababu kila mtu sasa anataka redio yake isikike vizuri. Watu wamekuwa wapenzi wakubwa wa habari.

Kumleta mtoto Bukoba, hapana. Kaliza amesema hapana kabla sijamaliza kuisoma sentensi.

Ila nina habari ya kukufurahisha. Ulitaka mtoto aanze mwenyewe? Umutoni na wenzake wa uani wamebuni mchezo. Wanafunga kamba kutoka mlango wa choo hadi mti wa mpera, na anayetaka kupita lazima aonyeshe kitambulisho, yaani jani la mgomba lililokunjwa. Umutoni ndiye mkubwa wa kamba. Analitazama jani mbele, analigeuza nyuma, anakutazama wewe usoni, halafu anakwambia pita, au anakwambia kaa pale. Juzi alinikalisha robo saa nikitaka kwenda chooni. Nilimwambia, "Mimi ni baba yako." Akasema, "Hiyo haiko imeandikwa hapa."

Kamba, jani na mti, Dada. Hakuna hata waya mmoja wa umeme.

Munyaneza

*

Bukoba, 11 Oktoba 1992

Munyaneza,

Salamu kwa wote, mbuzi hawajambo.

Sikufurahi hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano anawakalisha watu chini na kuwakagua sura! Amejifunzia wapi hayo kama si kwenye hiyo mikanda? Usiniambie ni harusi tu na panya. Najua zipo filamu za askari, na najua wanaume mnavyozificha. Mkufunzi alitutajia jambo hilihili: mtoto huiga ukatili wa picha kwa sababu hawezi kutofautisha picha na dunia.

Dawa yake ni siku arobaini. Zima kila kitu siku arobaini, ufunike, umwache mtoto atazame dunia ya Mungu kwa macho yake. Jioni Mama asimulie. Siku ya arobaini, naye mtoto mpe zamu ya kusimulia hadithi yake, neno kwa neno, uiandike, uniletee. Ikiwa ni hadithi ya mtoto, nitanyamaza. Ikiwa ni ya kamba na vitambulisho, nitakuja kumchukua mwenyewe, na Kaliza ang'oe jino la pili akingoja.

Winifred

*

Kigali, 20 Januari 1993

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mama alikuwa na kikohozi, sasa amepona. Kaliza amefuma kitambaa cheupe cha kufunikia televisheni, kizuri kuliko tulivyo navyo mezani.

Nakubali, ni video. Ulivyosema ndivyo. Kuna mkanda mmoja sikukutajia, nimeutupa.

Siku arobaini zimetimia tangu kabla ya Krismasi. Wiki ya kwanza Mama alinuna kuliko mtoto. Alikuwa anataka kujua kama yule wa kijani ametubu. Baadaye akarudi kwenye hadithi zake. Umutoni alikuwa anakaa dirishani mchana kutwa akitazama barabara, kama ulivyotaka. Na siku ya arobaini tulimpa zamu. Hadithi yake nakuandikia hapa.

"Zamani, Sungura alialikwa harusini. Hakuwa na nguo ya kupendeza, akaenda kwa Ng'ombe kuazima mkia. Ng'ombe akasema, chukua, lakini mkia wangu una tabia moja: ukisema uongo, unatikisika. Sungura akafika harusini. Wakamwuliza, umeoga? Akasema ndiyo. Mkia ukatikisika. Umeleta zawadi? Ndiyo. Mkia ukatikisika mpaka ukamwaga pombe. Wakamfukuza. Tangu siku ile Sungura ana mkia mfupi, ili akisema uongo usionekane."

Umeridhika? Mtoto yuko salama, akili yake iko salama, na sisi hatujambo kabisa.

Mdogo wako mtiifu,
Munyaneza

*

Bukoba, 28 Machi 1993

Mdogo wangu,

Hadithi nimeipokea. Nimeisoma kwenye kikao cha walimu. Mwalimu mkuu alicheka hadi akavua miwani, na mratibu wa elimu ameomba nakala. Nikasimama pale mbele nikipokea pongezi kwa niaba ya mwanao, nikiwa na aibu kuliko niliyowahi kuwa nayo maishani.

Kwa sababu hadithi hiyo ni yangu, Munyaneza. Niliitunga nikiwa na miaka kumi na mmoja, wewe ukiwa na mitano, una homa, Mama amekwenda kutafuta dawa. Ilikuwa mchana kweupe. Nilikusimulia nikiwa naogopa kugeuka mjusi, na ulinifanya niape nisimwambie Mama. Sijamsimulia mtu mwingine yeyote. Wewe umeisahau ilikotoka, ukadhani imetoka kichwani mwako. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi kiasi hiki.

Na mkia wako, mdogo wangu, nauona unavyotikisika kutoka huku Bukoba.

Sasa niandikie ya mtoto.

Winifred

*

Bukoba, 5 Septemba 1993

Munyaneza,

Hujanijibu. Redio imesema mmepatana huko, mkataba umetiwa saini, kwa hiyo kisingizio huna. Mama yuko hai? Eustache anasema yuko hai. Anasema pia nisiulize mengi kwa posta. Nimemwuliza maana yake nini, akaanza kukagua tairi.

Winifred

*

Kigali, 3 Machi 1994

Dada Wini,

Barua hii haikupitia posta. Anakuletea Eustache, na pamoja nayo anakuletea Umutoni. Mpakani atasema ni binti yake. Tumemfundisha kumwita Papa. Amekubali kwa urahisi, na jambo hilo limenichoma.

Nguo zake ziko kwenye mfuko wa buluu. Anakohoa kidogo asubuhi. Haogopi giza. Kaliza amempakia kila kitu mwenyewe, halafu akaenda kukaa jikoni.

Mama ni mzima, anakusalimu. Alimaliza kusali juu ya kichwa cha mtoto, akamwambia asiige ndizi zako.

Uliniomba hadithi ya mtoto. Hii hapa. Aliisimulia siku ya arobaini, kwenye mkeka, sisi sote tukiwa tumekaa. Alianza kwa maneno ya Mama, *mbacire umugani*, niwape hadithi, tukacheka kwa sababu alikuwa ameiga hata kikohozi chake. Kisha akasema:

"Kamba ilikuwa nakaa kwa barabara. Kamba iko na njaa. Inauliza watu majina. Inasoma kitambulisho. Wengine inawaambia piteni. Mzee Mugenzi ikamwambia kaa chini. Akakaa. Ikachukua kofia yake. Mzee Mugenzi iko amekaa mpaka leo lakini hamumuoni. Imeisha."

Kaliza akanyanyuka kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mugenzi ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anampa Umutoni vipande vya kitambaa. Desemba ile ya siku arobaini vijana wa chama tawala waliweka kamba pale kona. Kwenye vitambulisho vyetu kuna mstari wa kabila, unajua, na wake umeandikwa kama wetu. Walimkalisha saa nne asubuhi. Saa tano hakuwepo. Mimi nilikuwa karakana. Kaliza alikuwa sokoni. Umutoni alikuwa dirishani.

Si video, Dada. Haikuwa video hata siku moja. Hakuna mkanda niliouficha wala niliotupa. Nilikukubalia kwa sababu barua zinafunguliwa, na kwa sababu ilikuwa inanipa raha kuwa na dada anayeamini kwamba tatizo letu ni televisheni. Nilikuwa nasoma barua zako nikijisikia ninaishi katika mji huo unaoniandikia, ambamo jambo baya kuliko yote ni panya wa Kifaransa.

Wala unyevu haukuwa sababu. Niliiweka televisheni ukutani, upande usio na dirisha, ili atakayeitazama aipe barabara kisogo. Jioni ndipo kulipokuwa na kelele zaidi huko nje, na harusi ile ina ngoma. Nilikuwa naongeza sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Ukaniambia niizime, nikaizima. Sikulaumu, ningeweza kukataa, ningeweza kukueleza. Niliona heri mtoto akae dirishani siku arobaini kuliko mimi niandike barua moja ya kweli. Hilo najilaumu nalo kila siku.

Baada ya siku ile nikaiwasha tena. Anatazama, lakini panya akikatika mtoni, hasimami tena. Anangoja mpaka mtu abadilishe mkanda. Nikimwuliza panya amekwenda wapi, anasema, "Sijui, Papa. Mimi sikumuona."

Wiki iliyopita hapa pamekuwa pabaya, siwezi kusimulia. Ndipo Kaliza aliposema yeye mwenyewe: apelekwe kwa shangazi yake.

Sisi tunabaki kidogo. Mama anasema hawezi kuzikwa ugenini, Kaliza hawezi kumwacha Mama, na mimi nina redio kumi na nne za watu mezani. Nikiziandika sababu hizi naona zilivyo, lakini ndizo nilizonazo.

Mpe kokoto.

Munyaneza

*

Bukoba, 19 Machi 1994

Mdogo wangu mpendwa, wifi yangu Kaliza, na Mama,

Mtoto amefika. Yuko hapa mezani anakula, ndizi zina chumvi, mwambie Mama. Kikohozi kimepungua. Analala kati yangu na ukuta, na shemeji yako amehamia kwenye kochi bila kuombwa. Kila asubuhi ananiuliza kama anaruhusiwa kwenda uani. Namwambia hapa hakuna anayeruhusu, nenda tu. Anakwenda hadi mlangoni, anasimama, ananiangalia, ndipo anakwenda.

Munyaneza, nimefundisha watoto miaka kumi na tisa na nina cheti cha Mwanza ukutani. Nimekuandikia barua kadhaa kukueleza jinsi akili ya mtu inavyolala. Jana nimezitoa zako zote sandukuni nikazisoma moja baada ya nyingine. Gundi mara mbili. Kila mtu anataka redio. Kamba, kitambulisho, jani linatazamwa mbele na nyuma, halafu uso. Uliniandikia kila kitu. Asiyekuwa na uwezo wa kuwaza ni mimi. Mtoto wa miaka mitano aliona kofia ikichukuliwa akajua maana yake. Mimi niliandikiwa habari hiyo miaka miwili nikaona panya. Na ni mimi niliyemweka dirishani. Usinikatalie hili, na usinipe pole. Nimelia vya kutosha, sasa nataka kufanya kazi.

Sababu zako tatu nimezisoma. Redio waachie majirani, kila mwenye yake aje achukue. Mama, nakuheshimu, na nakwambia kwa heshima hiyohiyo kwamba ardhi ya Bukoba ni ardhi, na wala hakuna anayekuzika, unakuja kumkanya mkweo ambaye anajipakulia nyama kabla ya wageni. Kaliza, mwanao ameuliza habari zako mara moja tu, juzi, na hajauliza tena. Ukimjua mtoto wako utajua hiyo si dalili ya kusahau.

Nimezungumza na Eustache. Nilitaka awachukue safari hii hii, lakini anasema anashusha mzigo Kigali Jumatano Kuu na anataka kugeuka kesho yake. Nami namjua Mama yetu: Juma Kuu hasafiri, hata kama nyumba inaungua, na mkianza kubishana naye mtakosa lori na Pasaka pia. Basi kuleni Pasaka yenu nyumbani kwa utulivu. Eustache amekubali kungoja, kwa ajili yangu, hadi apate mzigo wa kurudi nao. Ataondoka Alhamisi inayofuata, tarehe saba Aprili, alfajiri, na atapita kuwachukua mlangoni.

Msibebe vitu. Mbele ya lori kuna nafasi tatu, nimeshamlipia zote.

Winifred